Sura ya Saba: Mishono Mitatu ya Bitana

Abiria huipenda siku ya baharini. Meli haitii nanga popote, hakuna basi la kuwahi wala mji wa kutembelea. Mtu anaamka apendavyo, anakula, anaota jua, anakula tena. Lakini kule chini, sitaha ya pili, ambako hakuna dirisha na ukuta unatetema kwa ngurumo ya injini, siku hiyo ni adhabu. Jioni kuna chakula cha heshima katika ukumbi mkubwa, kila mtu anatakiwa avae alichonacho cha maana, na hapo ndipo abiria elfu mbili wanapogundua kwa pamoja kwamba suruali zilizowatosha nyumbani hazifungi tena.

Fundi wa kushona alikuwa mmoja tu meli nzima. Wenzake walimwita Sindano, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu ukimchokoza alikuwa anachoma. Chumba chake kilibanwa kati ya chumba cha dobi na stoo ya mashuka, kina cherehani moja iliyofungwa kwa skrubu mezani isije ikatembea mawimbi yakichafuka, na simu ya ukutani ambayo haikuwahi kuleta habari njema.

Saa mbili asubuhi msimamizi wa dobi aliingia na rundo la nguo. Alikuwa mama wa makamo, naye walimwita Pasi, maana hakuvumilia mkunjo wowote, uwe wa shati au wa kazi.

"Zipu saba, suruali kumi na moja, na hili koti," alisema. "Koti ndilo lenye haraka. Saa kumi na moja jioni liwe limerudi kwa mwenyewe."

Sindano akavuta karatasi iliyobanwa kwenye kola. Mwandiko ulikuwa wa kiualimu, herufi zimesimama wima kama watoto wa shule mstarini. Toa bitana yote. Weka mpya.

"Bitana yote, leo? Mtu huyu hana huruma. Imechanika wapi kwani?"

Akaligeuza koti ndani nje.

Bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, haikuchanika popote. Ilikuwa ya buluu iliyokolea, imeshonwa kwa mkono kuanzia juu mpaka chini, mishono midogo iliyolala upande mmoja kama inavyolala kazi ya mtu wa shoto. Sindano alikuwa shoto. Kidole chake kikatembea chenyewe hadi kwenye pindo, upande wa moyo, kikakuta kile alichokuwa anaomba kisikikute: mwanya mdogo, upana wa mishono mitatu, ambao haujazibwa.

Baba yake, fundi wa suti kwa miaka arobaini, alikuwa na desturi yake peke yake ambayo hakuna duka jingine lililoifuata. Koti la bwana harusi hakulimaliza. Aliacha mishono mitatu kwenye pindo la bitana, na asubuhi ya harusi bibi harusi alipelekewa sindano na uzi azibe kwa mkono wake. "Mimi namvalisha tu," mzee alikuwa akisema. "Kumaliza, amalize mwenyewe." Koti hili Sindano alilishona yeye, la mchumba wake, miaka mitatu iliyopita. Asubuhi ya kuziba haikufika.

Ilifika asubuhi nyingine. Mama wa mchumba aliingia dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Mwanangu amenituma. Hana uso wa kuja mwenyewe. Anaomba umwache." Mchumba alikuwa mpima ardhi, na wiki hizo alikuwa porini kuweka mipaka, simu haipatikani. Sindano alipiga siku tisa. Siku ya kumi alisaini mkataba wa meli, akajiambia kwamba bahari ni kubwa, itayameza hayo yote.

Haikuyameza. Ilikuwa imeyabeba tu, na leo imeyaleta mezani yakiwa na karatasi kolani.

"Nahitaji kibali cha kwenda juu," alimwambia Pasi. "Siwezi kukata bitana bila kumpima mwenye koti."

"Bitana inapimwa kwa koti, haipimwi kwa mtu. Nina miaka kumi na minne humu, usinifanye mgeni." Pasi akamtazama usoni, kisha akalitazama koti. "Unamjua?"

"Nilimjua."

Pasi akashusha pumzi. "Mwaka jana yule mpiga tarumbeta walimshusha bandarini, yeye na tarumbeta lake, kwa sababu ya kuzoeana na abiria. Na alikuwa hajafanya kitu, kucheka tu." Akatoa kalamu hata hivyo. "Dakika ishirini. Ukipitiliza nakuja mwenyewe."

Huko juu hata hewa ilikuwa nyingine. Zulia lilimeza kila hatua. Kipaza sauti kilikuwa kikitangaza kwa sauti ya asali kwamba hakuna nchi kavu mpaka kesho, abiria wajiachie. Sindano akawaza kwamba ni kweli, humu leo hakuna pa kukimbilia, si kwake wala kwao. Akalining'iniza koti mkononi, akagonga mlango wa chumba cha mwenye koti.

"Shikamoo," alisema mlango ulipofunguka.

"Marahaba, mwanangu, pita," alijibu mama aliyefungua, huku akipapasa kifuani kutafuta miwani. Jibu lilikuwa limeshamtoka alipoivaa. Akasimama na mkono kwenye kitasa.

"Wewe."

"Mimi, mama."

Mama yule akachungulia kwenye korido kushoto na kulia, akafunga mlango haraka. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini. Alistaafu mwaka jana, lakini watu bado walimwita Mwalimu, naye bado alikaa kitini kana kwamba nyuma yake kuna ubao. Kwenye mlango wa kabati lilining'inia gauni lake la jioni, la zambarau. Kioo cha kutokea barazani kilijaa bahari tupu, haina hata ndege.

"Umetufuata?" aliuliza.

"Mimi nimeajiriwa humu, huu mwaka wa tatu. Nyinyi ndio mmenifuata."

"Ulimi wako haujapungua." Mwalimu akanyoosha sketi yake magotini. "Basi nisikilize. Leo saa moja jioni tunakula na wazazi wa binti mmoja. Daktari wa meno. Ana kazi yake, ana adabu zake. Sisi wazazi tumeshaelewana, limebaki neno la mwanangu, na amekubali kulitoa leo. Wewe kazi yako ni bitana. Itoe, weka nyingine, koti liletwe na mhudumu, na usionekane tena huku juu. La sivyo nitapiga simu mapokezi niseme fundi wenu anamsumbua mwanangu, na kesho utashuka na sanduku lako. Sheria zenu unazijua kuliko mimi."

"Nazijua." Sindano alisikia sauti yake ikitoka ya kawaida kabisa, akashangaa. "Ila fundi lazima aulize. Bitana hii haina kasoro. Itolewe kwa nini?"

"Ina tundu."

"Mishono mitatu. Kuziba ni kazi ya dakika mbili."

"Hakubali lizibwe." Sauti ya Mwalimu ilipanda, akairudisha chini kwa nguvu. "Nimemnunulia suti nne. Nne! Zinaning'inia kabatini zina lebo zake mpaka leo. Kila shughuli ni hili. Harusi za watu, hili. Misiba ya watu, hili. Dobi mmoja alitaka kulishona, akamnyang'anya mkononi kama mtoto. Leo nimepata mwanya kwa sababu amekwenda kunywa chai."

Sindano alihisi joto likimpanda kutoka miguuni. Mtu aliyekosa uso, mtu aliyemtuma mama yake kuja kuvunja, anatembea miaka mitatu na pindo lililoachwa wazi kwa ajili gani?

"Mama," alisema polepole. "Ile siku dukani. Kweli alikutuma?"

Mwalimu akageuka akatazama bahari. "Dakika zako si zinahesabiwa? Nenda kafanye kazi."

"Nimekuuliza kwa heshima."

Mlango ukalia, ule mlio wa kadi inayokubaliwa, na mpima ardhi akaingia na kikombe cha chai mkononi.

Alikuwa amekonda kidogo. Jua la kazini lilikuwa bado liko usoni mwake, na macho yake yalikuwa na ile tabia ya zamani ya kubana kidogo, kama mtu anayelenga mbali. Zamani alikuwa akimtania: mimi napima viwanja, wewe unapima viuno, nyumba yetu haitakosa vipimo. Sasa alisimama tu. Alimtazama kuanzia kofia ya kazi hadi kifuko cha pini kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono, kisha akarudi usoni na hapo macho yakabaki. Sindano alitaka kuinamisha kichwa akashindwa. Alikuwa amemkumbuka mtu huyu kwa kiasi ambacho hakuwa amekubali, na sasa kiasi chote kilimjia kwa mpigo mmoja.

"Juzi kwenye zoezi la kuvaa maboya ya kujiokolea nilikuona," hatimaye mpima ardhi alisema. "Umevaa boya mpaka kidevuni, unahesabu watu. Nikajiambia ni macho yangu, yamezoea kunidanganya."

"Hukuja kuhakikisha."

"Nihakikishe nini? Mtu aliyeniacha bila hata neno moja kwenye karatasi?"

"Mimi nilikuacha?"

"Nilirudi kutoka porini siku ya kumi na mbili. Sikupita hata nyumbani, nilikuja dukani na vumbi langu. Baba yako hakusimamisha cherehani. Akaniambia, 'Binti amepanda meli. Na wewe kapande unachokitaka.'"

"Alikuwa na hasira kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa nimeshapokea ujumbe wako."

"Ujumbe gani?"

Sindano alimtazama Mwalimu. Mwanawe naye akamtazama.

"Mama," alisema. "Ujumbe gani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwalimu ilikuwa imeishia kwenye chumba cha vitanda viwili katikati ya bahari. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilimwambia kwamba umenituma," alisema. "Nilimwambia umwache. Nilimwambia akuache, yaani." Alijirekebisha kama anavyosahihisha daftari. "Baba yako alikufa una miaka sita. Nilikusomesha mimi, usiku na mchana. Watu wangesema nini? Mwalimu mkuu amemlea mwana kwa vitabu, halafu anamkabidhi kwa cherehani? Huyu aliacha shule kidato cha pili. Baba yake alikuwa anashona sare za shule yangu. Nilifikiri utalia mwezi mmoja, utasahau."

"Miaka mitatu, mama."

"Najua kuhesabu."

Mpima ardhi aliweka kikombe mezani. Alikiweka taratibu mno, na Sindano, aliyekuwa anamjua, akaogopa utaratibu ule kuliko kelele.

"Ungeniuliza," alimwambia Sindano bila kumtazama mama yake.

"Ungenitafuta."

"Baharini?"

"Hata baharini. Umeingia humu kwa tiketi, si kwa miujiza."

Mpima ardhi akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, kisha kikamgeukia kikawa kitu kingine, ikabidi apitishe kiganja usoni. Akaja mpaka alipokuwa Sindano, akashika pindo la koti lililokuwa mkononi mwake. Vidole vyao vilikuwa pande mbili za kitambaa kimoja.

"Ziba," alisema. "Hapa hapa. Mbele yake."

Mkono wa Sindano ulikwenda kwenye kifuko cha pini wenyewe. Mungu ndiye anayejua alivyotaka. Miaka mitatu amefunga vifungo vya watu baki, amepunguza magauni ya mabibi harusi wa watu, na mishono aliyoitaka ilikuwa mitatu tu. Akaurudisha mkono.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kuna binti wa watu saa hizi anajipamba kwa ajili yako. Umesema utatoa neno."

"Nilikubali kwa sababu nilichoka kukataa."

"Basi kamwambie hivyo yeye na wazazi wake, uso kwa uso. Usiwatumie mtu." Neno hilo lilimpata kila aliyekuwa chumbani. "Na jingine. Bila huyu mama, mimi siji. Mara ya kwanza yeye alitutenganisha. Sitaki mara ya pili isemwe kwamba mimi ndiye niliyekutenganisha na mama yako. Nikiziba pindo hili, nizibe asubuhi, mbele za watu, na yeye awepo. Siwezi kuziba kama tunaiba kitu."

"Mama," mpima ardhi alisema. "Ile karatasi uliyoandika. Ifute."

"Anayeandika ndiye anayefuta," alisema Sindano kwa sauti ndogo. "Ndiyo sheria ya kazi yetu."

Mwalimu akakunja mikono. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mgongo ulikuwa bado uko ubaoni. "Sifuti," alisema. "Nina watu wanaonisubiri saa moja. Mtanivua nguo mbele yao, nyote wawili?"

Mlango ukagongwa mara tatu. Alikuwa Pasi, amesimama zuliani na uso ulionyooka.

"Dakika ishirini na tatu," alisema. "Samahani, mama, samahani, kaka. Fundi tunamhitaji."

"Koti libaki," alisema mpima ardhi.

"Kilichopokewa kwa karatasi hurudi kwa karatasi, kaka. Saa kumi na moja."

Sindano alipokuwa anatoka alimsikia mpima ardhi nyuma yake akisema, "Usilifumue." Hakugeuka, kwa sababu angegeuka asingetoka.

Suruali kumi na moja zilipanuliwa. Zipu saba zilibadilishwa. Saa sita, saa nane, saa tisa. Meli ilianza kuyumba kidogo, na koti lililoning'inia kwenye msumari likawa linakwenda upande huu na upande ule, kama mtu anayesubiri kuitwa. Saa kumi kamili Sindano akalishusha, akaligeuza, akachukua wembe wa kufumulia.

Pasi, aliyekwisha kusimuliwa yote, alisimama mlangoni. "Fumua, mwanangu," alisema kwa upole ambao si wa kila siku. "Usipofumua yule mama atapiga simu, na mimi sitaweza kukutetea. Bitana ni kitambaa tu."

"Ingekuwa kitambaa tu, asingetaka kitolewe."

"Na kazi yako je? Baba yako anajivuna mtaa mzima, binti yangu fundi wa meli."

"Nitarudi nimshikie upande wa pili wa meza. Ametaka hivyo siku nyingi." Aliutazama mshono wa kwanza. Ulikuwa mzuri; alikuwa ameushona akiimba. Akaurudisha wembe kwenye kopo. Akalitundika koti tena, akalipiga brashi mabega, akakaa na mikono mapajani kusubiri lolote litakalokuja.

Saa kumi na nusu simu ya ukutani ikalia.

Pasi alimtazama. Sindano akainuka, akaipokea.

"Chumba cha kushona."

"Ni mimi." Mwalimu alikuwa anaongea chini chini. "Umeshafumua?"

"Hapana, mama. Wala sitafumua. Unaweza kupiga simu mapokezi."

Moyo wa Sindano ulipiga, ukapiga, na alihesabu mapigo kama anavyohesabu sentimita.

"Hajala mchana," Mwalimu alisema hatimaye. "Amekaa barazani tangu mlipoondoka. Hajanitukana. Angenitukana ningejua la kufanya." Akakohoa. "Hata hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza tu kama niliona ulivyolia siku ile dukani."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia hukulia. Kwamba ulinipa maji ya kunywa." Sauti ilikatika, ikarudi. "Ulinipa maji, wewe mtoto. Nimekuja kukubomolea nyumba, ukaniuliza kama kuna jua nje."

Sindano akaegemea ukuta. Injini ilimtetemesha mgongo.

"Ile karatasi niliiandikaje?" aliuliza Mwalimu.

"Toa bitana yote. Weka mpya."

"Piga mstari. Mstari mmoja, ulionyooka. Chini yake andika: iachwe ilivyo."

"Lazima iwe kwa mkono wako, mama."

"Basi ilete nisaini. Na mwambie huyo msimamizi wako safari hii nimekuita mimi, mwenye chumba." Akaongeza, kama mtu anayekanyaga ngazi asiyoiamini: "Njoo na sindano pia."

Mkono wa Sindano uliikaza simu. "Sindano ya nini, mama? Nilishasema, pindo lile mpaka asubuhi yake."

"Si pindo. Gauni langu limefumuka kwapani, nimelivaa kwa haraka. Saa moja nakwenda kwa wale wazazi kuwaomba radhi, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Siwezi kwenda kuomba radhi na kwapa wazi."

Pasi alikuwa ameshatoa kalamu, anaandika kibali bila kuombwa. Hakuandika dakika.

Sindano akafungua droo ya nyuzi. Macho yalikuwa yamejaa, rangi zote zilikuwa zimechanganyika.

"Zambarau ninazo tatu, mama," alisema. "Nilete uzi upi?"

"Unaniuliza mimi?" alisema Mwalimu. "Wewe ndiye fundi."